Ukurasa wa Nyuma wa Daftari la Mizani

Mbele ya daftari kuna zabibu:
Mzee Chilewa, kreti kumi na nne, kilo mia mbili na nane;
mjane Ndahani, kreti sita, jua limezinyausha.
Nyuma, nikiligeuza juu chini,
kuna mimi.

Jumamosi. Vidonge viliyeyuka shavuni kama chaki,
vikaacha ladha ya ukuta.
Kisha baridi, meno yakagongana,
upepo wa Mpunguzi ukisukuma vumbi chini ya mlango,
na wifi yangu Mwendwa akanifunika blanketi la watoto
bila kusema neno,
maana neno lolote lingekuwa na kaka yake ndani.

Saa nne usiku, pedi moja. Nikachora mstari.
Saa tano, moja na nusu. Nusu inaandikwaje?
Saa sita, mabonge.
Sitayaita zabibu. Zabibu nazijua, zina bei.

Sista Sechelela alinipa kanuni
akiihesabu kwenye vidole vyangu, si vyake:
"Pedi mbili zikilowa chapa ndani ya saa moja,
na saa inayofuata mbili tena,
usingoje kukuche. Usingoje mume. Usingoje nauli itimie.
Homa ikivuka siku nzima, njoo.
Harufu ikigeuka, njoo.
Kizunguzungu, njoo umeshikwa mkono.
Na damu isipotoka kabisa, njoo vilevile.
Kimya nacho huficha jambo."

Basi nikakaa na simu pajani, ikinitekenya kila saa.
Nje, pikipiki ya Mbukwa imeegeshwa,
tangi limejaa, kufika mjini inatosha;
ameambiwa ni tumbo, na kweli ni tumbo.
Saa saba, pedi mbili.
Mwendwa akavaa viatu.
Saa nane, moja.
Akakaa navyo miguuni.
Saa tisa, nusu.
Akatoka kumwambia Mbukwa akalale.
Nilimsikia akicheka kule nje, peke yake,
kama mtu aliyeangusha sahani isivunjike.

Jumanne nilirudi mizanini.
Siku ya tano, nyekundu bado.
Siku ya nane, kahawia, rangi ya maji ya korongo.
Siku ya kumi ikarudi nyekundu, moyo ukaruka:
nilikuwa nimenyanyua kreti, mjinga mimi,
mjane Ndahani hana wa kumsaidia.
Mama mkwe akaniangalia nikisonga ugali wa uwele.
"Umepauka. Unakula udongo?"
"Nitaacha, mama."
Akaniongezea mlenda. Jioni akaniletea maini,
akayaweka jikoni, akaondoka bila kuuliza.
Mpaka leo sijui anajua nini.

Siku ya kumi na nne, benchi la zahanati.
Kushoto kwangu tumbo la miezi minane, na kadi yake;
kulia kwangu tumbo la mitano.
Niliketi katikati, na daftari mapajani.

Sista alivuta kope langu la chini, akatazama wekundu.
Akabonyeza kitovuni, akashuka taratibu.
Hakuuliza nani. Hakuuliza kwa nini.
Aliuliza pedi.
Nikaligeuza daftari juu chini, nikampa.
Alisoma mstari kwa mstari, kidole kikishuka,
akasimama pale saa saba, akanitazama,
akaendelea.
"Umehesabu vizuri," akasema.
Nilikuwa sijalia mpaka hapo.

Akanisubiri. Halafu:
"Kipimo cha mkojo tukiache kwanza.
Mistari miwili inaweza kubaki wiki kadhaa,
mwili huchelewa kupata habari.
Ila mimba haichelewi. Inaweza kuingia hata kabla ya hedhi.
Tuzungumze njia, au uje siku nyingine?"
Nikasema leo.

Septemba, mkaguzi wa chama alikuja kutoka mjini,
miwani puani, kalamu nyekundu mkononi.
Akafunua mpaka mwisho, akakuta mistari isiyo na jina,
isiyo na kilo.
"Hizi kreti za nani?"
"Zangu."
"Zimelipwa?"
Nje lori lilikuwa likipakia, wapagazi wakigombea kivuli.
Nikamwambia aweke alama yake tu, tuendelee.
Akaweka.